Misuli imekaza baada ya mbio ndefu: pesa yako ianze wapi?

Anayekimbia nusu marathoni ya Kilimanjaro hupanda upande wa Mweka, kisha hurudi Moshi mjini kwa mteremko. Pumzi humwishia wakati wa kupanda, lakini mapaja huumizwa na kushuka. Kila hatua ya mteremko hulazimisha misuli ya mbele ya paja irefuke huku imekaza, na nyuzi zake huchanika kidogo kidogo. Maumivu yenyewe huanza baadaye na huwa makali zaidi kati ya saa 24 na 72. Asidi ya laktiki, ambayo misuli huitengeneza ukijikaza sana, haimo katika kesi hii, maana laktiki huondoka mwilini ndani ya saa moja au mbili. Muuzaji akikuambia kifaa chake "kinatoa asidi kwenye misuli", hamia duka jingine.

Nimepanga vitu vinavyosaidia misuli kupona kwa kuangalia nafuu unayoipata kwa kila shilingi unayotoa.

Namba moja ni chakula, na hakina mpinzani. Mkimbiaji wa kilo 70 anahitaji takriban gramu 20 hadi 25 za protini katika mlo wa baada ya mbio. Mayai mawili yana kama gramu 12, nusu lita ya maziwa kama 16, na hapo umeshavuka. Mtindi, maharage na dagaa hufanya kazi hiyohiyo. Usisahau wanga: viazi vitamu, wali, ndizi, ugali. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wakimbiaji wa juu wa Kenya ulikuta zaidi ya robo tatu ya nguvu waliyokula ilitoka kwenye wanga, na chai ya maziwa yenye sukari ilikuwa sehemu ya kila siku. Hao ni watu wanaoweza kununua chochote wakitaka.

Maji nayo yana hesabu yake. Jipime kabla na baada ya mazoezi. Kila kilo iliyopungua irudishie lita moja na robo hadi moja na nusu, kidogo kidogo, pamoja na kitu chenye chumvi. Bakuli la supu linatosha kabisa.

Unga wa protini je? Ununue ikiwa chakula hakipiti kooni baada ya mazoezi, au ikiwa kazini huna pa kupikia. Chukua kopo lililofungwa kiwandani, lenye tarehe na alama ya TBS au KEBS, na usikubali kupimiwa kwenye mfuko wa nailoni. Vidonge na unga wa BCAA, yaani amino asidi tatu kati ya zile zinazounda protini, viache rafuni, kwa sababu amino asidi hizo tayari zimo kwenye yai na maziwa.

Namba mbili, usingizi. Najua usingizi hauuzwi, lakini feni na chandarua kizima vinauzwa. Kwa mtu wa Dar es Salaam anayegeukageuka usiku kucha mwezi wa Februari, feni itamsaidia kupona kuliko kifaa chochote cha michezo. Lenga saa saba hadi tisa.

Namba tatu, masaji. Uchambuzi wa tafiti 99 uliotolewa mwaka 2018 ulilinganisha njia nyingi za kupona, na masaji ndiyo iliyoongoza kwa kupunguza maumivu na uchovu. Mtafute mkandaji anayeuliza kwanza wapi panauma na tangu lini. Akikubonyeza hadi unabana pumzi, mwambie apunguze. Misuli iliyochanika haihitaji kupigana na kiwiko cha mtu. Kama huna hela, mke, mume au ndugu mwenye mikono mizuri na mafuta ya nazi anatosha.

Namba nne, roli ya povu, yaani mche wa povu gumu unaouviringisha chini ya misuli kuikanda. Nafuu yake ni ndogo na ya muda, ila ukishainunua inakaa miaka. Ibonyeze kwa dole gumba dukani: ikibonyea kama godoro, itakufa mapema. Mashine ya kukandia ya kushika mkononi inafanya karibu kazi ileile kwa bei kubwa zaidi, na betri yake itachoka. Kati ya hizo mbili mimi ningechukua roli bila kusita.

Namba tano, barafu, kwa masharti. Beseni kubwa au pipa, maji ya nyuzi 10 hadi 15, dakika 10 hadi 15. Yanapunguza maumivu kweli, na yanamfaa mwenye mechi mbili ndani ya siku chache. Lakini anayenyanyua vyuma ili ajenge mwili asiyazoee: utafiti wa mwaka 2015, uliochukua wiki 12, ulionyesha kuwa waliokaa kwenye maji baridi kila baada ya mazoezi walijenga misuli kidogo kuliko wenzao.

Soksi za kubana zinafuata nyuma. Zinasaidia kidogo, mradi upimwe mzingo wa shavu la mguu badala ya kukisia kwa namba ya kiatu. Chumvi ya Epsom, ile ya kutia kwenye maji ya kuoga, sijaona sababu ya kuilipia. Kinachokuburudisha pale ni maji ya moto.

Mwisho kabisa, vidonge vya maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni vinapatikana kila kona, na wapo wanaovimeza kabla hata ya mbio kuanza. Tafadhali usifanye hivyo. Mwili uliokaukiwa maji tayari umezielemea figo, na dawa hizi huzipunguzia damu zaidi.

Na kama siku moja au mbili baada ya mazoezi makali mkojo unatoka mweusi kama chai ya rangi, huku misuli imevimba na haina nguvu, usinunue chochote katika hivi. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na umweleze daktari ulifanya mazoezi gani.