Biti za kobalti M35: nzuri, mradi ujue kuzinoa
Kwa anayetoboa chuma cha pua (stainless), biti ya drili ya M35, yaani chuma kigumu chenye kobalti, inazishinda mbali zile biti za rangi ya dhahabu. Kobalti yake, asilimia 5, imo ndani ya chuma chenyewe, kwa hiyo ukinoa hupotezi kitu. Ile dhahabu ni ngozi nyembamba tu. Jiwe likigusa ncha, imekwisha pale pale panapokata.

Ubaya wake: ni kavu, haipindi bali huvunjika ukiyumbisha drili ya mkono. Kwa chuma laini, biti ya kawaida ya HSS (chuma cha kasi kisicho na kobalti) yenye ncha ya pembe ya nyuzi 118 inatosha kabisa.

Kunoa ndiko wengi wanakoharibu. Makali mawili yalingane urefu. Moja likizidi, tundu hutoka pana kuliko biti na mabaki hujikunja upande mmoja tu. Nyuma ya makali pateremke nyuzi 8 hadi 12, la sivyo biti itasugua na kupiga kelele bila kukata. Ikipata moto sana usiitumbukize majini: makali hupata nyufa, kisha humeguka.

Biti ya milimita 10 kwenye chuma cha pua: mizunguko kama 300 kwa dakika, mafuta ya kukatia, na ukandamize bila kulegeza. Ikizunguka bila kukata, chuma hugeuka kigumu hapo hapo.