TAHADHARI: Ukikodi skuta ugenini, usimwachie mtu pasipoti yako

Jamani, nimeingizwa mjini ugenini na mpaka sasa hasira haijashuka. Siku tatu nimekuwa nikijiuliza niandike au ninyamaze, maana aibu ni kubwa. Lakini yule mtu kesho asubuhi atafungua duka lake na kumvisha mgeni mwingine kofia ngumu kama alivyonivisha mimi.

Wale niliosafiri nao mnajua kwa nini nilibaki peke yangu zile siku mbili, sirudii. Nilitaka kuuona mji. Mabasi siyaelewi, na teksi kila nikipanda natajiwa nauli ya mgeni. Dada wa mapokezi hotelini akaniambia kodi skuta, watalii wote wanafanya hivyo, duka lile pale. (Nina mawazo yangu kuhusu huyo dada na jinsi alivyokuwa na haraka ya kunionyesha, ila ushahidi sina.)

Duka lenyewe safi. Skuta zimepangwa mstari mmoja, zimeoshwa zinang'aa, ukutani picha za wageni wanatabasamu. Mwenyewe mtu mzima, mvi kichwani, mpole. Alinifunga mkanda wa kofia kidevuni kwa mikono yake. Nikazunguka uwanjani mara tatu, yeye anatembea pembeni yangu, mpaka nikaizoea breki. Mtu anayehangaika usianguke utamshuku vipi? Alipoomba kukaa na pasipoti mpaka nirudishe chombo chake, niliona kawaida, hata hotelini waliiomba wakaiangalia. Nikauliza bima, akasema ipo, kila kitu kimo. Nikauliza leseni, kwa sababu yangu ni ya gari tu. Akacheka, akapunga mkono, ya gari inatosha. Nikasaini karatasi ambayo sikuelewa hata mstari mmoja. Na picha nilipiga! Mbele na nyuma, kwa simu yangu, kabla sijaondoka. Naomba hilo mlijue.

Siku mbili niliendesha taratibu. Sikuanguka, sikugusa ukuta, sikugusa gari la mtu. Usiku nililaza skuta ndani ya uzio wa hoteli.

Nimeirudisha saa nne asubuhi, ndege yangu saa tisa alasiri, na yeye saa ya ndege anaijua kwa sababu aliniuliza siku ya kwanza, nikamjibu. Akatoka na kitambaa kilicholowa kitu kinachonuka kama petroli. Hakuangalia mbele. Hakuangalia nyuma. Alikwenda moja kwa moja upande wa kulia, akapiga magoti, akaingiza mkono chini kabisa, pale plastiki inapojikunja chini ya sehemu ya kuwekea miguu, akafuta. Akafuta tena. Mkwaruzo ukajitokeza, mrefu kama kiganja changu, na pembeni mwake bado kuna utando kama nta, rangi ileile ya skuta. Kitambaa nacho kimepakaa rangi hiyohiyo, nimekiona kwa macho yangu. Mkwaruzo wa zamani umejazwa ukafichwa, halafu unafutwa mbele ya kila anayerudisha!

Nikamwambia huu si wangu. Upole wote ukaisha palepale. Akachukua kikokotoo, akaandika, akanigeuzia nisome. Zaidi ya kodi ya mwezi mzima. Vijana wawili wakatoka ndani wakasimama mlangoni bila kusema neno. Pasipoti yangu anayo mkononi, anaipigapiga kwenye kiganja.

Nikasema naita polisi. Akaninyooshea simu yake mwenyewe. "Piga. Watakuomba leseni ya pikipiki."

Hapo miguu iliniisha nguvu. Siku ya kwanza aliponiambia ya gari inatosha, alikuwa tayari ananifungia mlango wa polisi. Nililipa. Nililia mbele ya wale vijana, nikalipa, nikapewa pasipoti yangu, nikakimbilia uwanja wa ndege.

Mtu huyu anastahili kufungwa. Si kuonywa, si faini, afungwe, na lile duka livunjwe mlango, na wageni wote aliowatoza kwa mkwaruzo huohuo warudishiwe mpaka senti ya mwisho. Anashika hati ya serikali ya nchi nyingine kama rehani ya pikipiki! Pasipoti si mali yangu hata ya kumwachia mtu, ni mali ya serikali iliyoitoa. Na polisi wa mji ule wanapita mbele ya duka hilo kila siku.

Niliporudi nikasoma bima yangu ya safari, jambo ambalo ningelifanya kabla. Imeandikwa wazi: ukiendesha pikipiki bila leseni ya pikipiki, hawakulipi. Kwa hiyo ningevunjika mguu siku ile, hospitali ningelipa mwenyewe. Skuta ya injini ya cc 125 nchi nyingi ni pikipiki kamili kisheria. Na kile kibali cha kimataifa cha kuendesha hakikuongezei kitu, kinatafsiri tu leseni uliyonayo. Kama kwenu una ya gari, basi ni ya gari. Tena vibali vyenyewe haviko aina moja, vinatolewa chini ya mikataba tofauti ya kimataifa ya usafiri wa barabarani. Vietnam, kwa mfano, wanapokea cha Mkataba wa Vienna wa 1968, cha Mkataba wa Geneva wa 1949 hawakipokei.

Kwa hiyo anayeniuliza kama mtalii akodi skuta, namjibu asikodi kama hana leseni ya pikipiki. Mwenye leseni ampe kivuli cha pasipoti au dhamana ya fedha, mkodishaji akikataa aondoke. Achukue video, siyo picha mbili kama zangu, apite na chini ya plastiki, apanguse kwa kitambaa chake mwenyewe huku mwenye duka anasikika akiongea. Na aje na kufuli lake, kwa sababu abiria niliyekaa naye kwenye ndege yeye skuta iliibwa usiku bila kuvunjwa kitu, na ufunguo wa pili alikuwa nao mwenye duka.

Jina la duka siliandiki hapa. Anayekwenda mji ule aje inboksi nimwelekeze mtaa, na kama kuna aliyewahi kuonyeshwa mkwaruzo upande wa kulia chini, tafadhali anitumie picha yake niilinganishe na yangu.