Kiboksi cha kurekebisha nozeli na sensa pana ya oksijeni: kwangu kimepunguza mafuta, ila si kwa kila pikipiki

Pikipiki yangu ni ya silinda mbili, cc 650, ya nozeli (kifaa kinachonyunyizia petroli kwenye injini badala ya kabureta), na niliinunua kwa mtu ikiwa imeshabadilishwa ekzosi na kichujio cha hewa. Mlio ulikuwa mzuri, nguvu ilikuwepo, lakini ilikula mafuta kupita wenzake wa aina ileile. Nilitaka kitu kimoja tu: lita ileile inifikishe mbali zaidi, na injini isidhurike. Ndipo nikafunga kiboksi cha kurekebisha nozeli, cha aina ile ambayo Power Commander ya Dynojet ndiyo inayojulikana zaidi, pamoja na sensa pana ya oksijeni inayokaa kwenye bomba la ekzosi. Nimeshakizoea sasa, na naweza kueleza kinachofanya na kisichoweza kufanya.

Kazi yake ni rahisi kuielewa. Kompyuta ya pikipiki huamua nozeli ifunguke kwa milisekunde ngapi. Kiboksi hukaa katikati, kati ya kompyuta na nozeli, na hurefusha au hufupisha muda huo kwa kufuata jedwali: upande mmoja mizunguko ya injini, upande mwingine kiasi ulichovuta mafuta kwa mkono. Ukiandika -5 kwenye chumba fulani cha jedwali, pale injini inapofika hapo nozeli hufunguka kwa muda uliopungua asilimia 5. Basi. Hakigusi moto wa plagi, na hakijui chochote kuhusu ulaji wa mafuta. Anayejua ni wewe, na wewe utajua tu kama una kipimo.

Kwa hiyo sensa pana ndiyo nusu ya pili ya bidhaa hii, na mimi naiona ni nusu iliyo muhimu zaidi. Sensa ya kawaida ya kiwandani hutoa habari mbili tu: mchanganyiko ni mzito (petroli nyingi) au ni mwepesi (petroli kidogo), ukilinganisha na uzito wa hewa 14.7 kwa petroli 1. Haisemi mzito kiasi gani. Sensa pana hutoa namba yenyewe. Kununua kiboksi bila sensa hii, halafu ukapakia jedwali la mtu mwingine kwa matumaini, ni kurekebisha injini ya pikipiki ambayo huijui.

Mwanzoni sikubadilisha hata chumba kimoja. Niliacha jedwali likiwa sifuri tupu, nikaendesha kama kawaida, kiboksi kikirekodi. Namba zilizotoka zilieleza kila kitu. Kwenye mwendo tulivu, barabara tambarare, mkono umevuta kidogo sana, mchanganyiko ulikuwa 13.2 hadi 13.5. Huo ni mchanganyiko wa kutafuta nguvu. Injini nyingi za petroli hutoa nguvu yake kubwa kati ya 12.5 na 13 hivi, na pale unapopita lori kwa kasi una haki ya kuutumia. Lakini kusafiri nao saa nzima bila kuihitaji nguvu hiyo ni kumwaga mafuta. Hesabu ni ya wazi: kwa hewa ileile, 13.3 inatumia karibu asilimia 10 ya petroli zaidi kuliko 14.7.

Sababu nayo ilionekana nilipofungua tangi na kufuata waya. Aliyeirekebisha kabla yangu alikata waya wa sensa ya kiwandani na kuweka kifaa kidogo cha kuidanganya kompyuta isiwashe taa ya hitilafu, halafu programu ya kompyuta ikaandikwa upya ikiwa nzito kila mahali ili iendane na ekzosi mpya. Kompyuta haikuwa na macho tena. Pikipiki nyingi za kisasa, kwenye mwendo tulivu, hujisahihisha zenyewe kwa kufuata sensa hadi zifike karibu na 14.7. Yangu ilikuwa imenyimwa uwezo huo.

Hapa nataka nikazie, maana ndiyo sehemu ambayo wauzaji huiruka. Ikiwa pikipiki yako haijaguswa na sensa yake inafanya kazi, basi kwenye mwendo tulivu tayari iko karibu na 14.7. Ukifunga kiboksi na kupunguza mafuta asilimia 5 kwenye vyumba hivyo, kompyuta itaona mchanganyiko umekuwa mwepesi na itayarudisha yaleyale uliyopunguza. Mtavutana, wewe na kompyuta, na utakuwa umetoa pesa ili usipate kitu. Kiboksi kinafaa pale ambapo kompyuta haina sensa, au sensa imeondolewa, au hewa inayoingia na kutoka imebadilika sana.

Nilipoanza kurekebisha, sikugusa jedwali zima. Kwa uendeshaji wangu, sehemu kubwa ya mafuta huliwa ndani ya eneo dogo: mizunguko 3,000 hadi 5,000, mkono ukiwa umefunguka asilimia 2 hadi 10. Hapo ndipo nilipofanya kazi, na nililainisha vyumba vya jirani ili injini isishtuke inapovuka kutoka kimoja kwenda kingine. Sehemu ya kuvuta mafuta yote niliiacha nzito, karibu na 13, kwa makusudi. Mzigo ukiwa mkubwa, petroli ya ziada inasaidia kupoza chumba cha kuunguzia na kuzuia injini kugonga, yaani petroli kujilipukia yenyewe ndani ya silinda. Anayepunguza mafuta hapo ili aokoe, anaweza kuishia kubadilisha pistoni.

Nilijaribu kwa hatua. 14.7 ilikwenda vizuri: injini tulivu, joto la kawaida, hakuna kusita. 15.2 pia ilikwenda. Kufika 15.8 hali ikageuka. Pikipiki ikaanza kusukuma na kulegea kwenye mwendo uleule, nami nikajikuta navuta mafuta zaidi ili nishike kasi niliyokuwa nayo. Kinadharia, 15.5 hadi 16 ndiyo eneo la ulaji mdogo zaidi kwa injini nyingi. Lakini mchanganyiko mwepesi huungua polepole, kwa hiyo plagi inatakiwa kutoa moto mapema zaidi. Kiboksi changu hakigusi moto wa plagi. Moto unatoka kwa wakati uliopangwa kwa mchanganyiko mwingine, sehemu ya nguvu inapotelea kwenye ekzosi kama joto, na faida yote inaliwa hapo.

Mwishowe nimebaki kwenye 14.7. Tofauti yake na 15.2 kwenye ulaji ilikuwa ndogo kiasi kwamba upepo wa siku moja unaifuta. Halafu bomba langu bado lina katalisti, na katalisti ya aina hii husafisha gesi chafu zote tatu (kaboni monoksaidi, petroli isiyoungua na oksaidi za naitrojeni) kwa pamoja pale tu mchanganyiko unapokuwa karibu sana na 14.7. Ukiwa mwepesi zaidi ya hapo, oksaidi za naitrojeni hupita bila kusafishwa. Nchi nyingi zina sheria juu ya kuchezea mfumo huu, na hata pasipo sheria, hewa hiyo tunaivuta sote. Sioni kwa nini niichafue kwa ajili ya mita chache kwa lita.

Matokeo, basi. Kutoka karibu kilomita 20 kwa lita hadi 22 na kidogo, kwenye safari za aina moja. Inalingana na ile hesabu ya asilimia 10, na hilo ndilo linalonifanya niiamini. Mtu akikuambia kiboksi kimempa asilimia 30, muulize alipimaje. Mimi hujaza tangi hadi alama ileile, pikipiki ikiwa imesimama wima bila kuegemea, na umbali nauchukua kwenye GPS, maana spidomita nyingi huonyesha kasi kubwa kuliko ya kweli na si kila kihesabu umbali ni sahihi. Tena silinganishi tangi moja na moja. Nalinganisha matangi mengi na mengi.

Kuhusu petroli yenyewe, kuna jambo linalowachanganya wengi. Ile namba 14.7 ni ya petroli isiyo na ethanoli. Ikichanganywa ethanoli asilimia 10, uwiano kamili unashuka hadi karibu 14.1. Sensa pana kwa kweli hupima lambda, yaani ukaribu wa mchanganyiko na ule uliokamilika, halafu skrini hugeuza kuwa namba ya petroli. Kama programu yako inakuruhusu kuchagua, tumia lambda. Lambda 1.00 ina maana ileile kwa mafuta yoyote.

Kufunga kulinichukua mchana wote, na kiboksi chenyewe hakikuwa tatizo. Soketi zake zinaingia kama za kiwandani. Kazi ilikuwa sensa. Lazima ikae kabla ya katalisti, na iinamishwe juu ya mstari wa ulalo, ili maji ya mvuke yasitiririkie ndani yake wakati bomba ni la baridi. Pia isiachwe ndani ya ekzosi bila umeme wa kuipasha, moshi huiharibu. Kagua viungo vya ekzosi kabla ya kuamini namba yoyote. Kiungo kinachovuja huvuta hewa ya nje, sensa inasoma mchanganyiko mwepesi ambao haupo, na ukiwa umewasha hali ya kujirekebisha (kiboksi kufuata sensa chenyewe), kiboksi kinaongeza mafuta kwa bidii. Ndiyo maana mimi siiachi hali hiyo ikiwa imewashwa daima. Naiwasha, nakusanya, nakagua mapendekezo yake chumba kwa chumba, nakubali yenye mantiki, naizima.

Rekodi zilinipa zawadi nyingine. Ukiachia mafuta ukiwa kwenye gia na mizunguko bado ni mikubwa, kompyuta hufunga nozeli kabisa, na sensa inaonyesha hewa tupu. Pikipiki inashuka mlima bila kutumia hata tone. Baadhi ya mafundi wanaoandika upya programu ya kompyuta huondoa ufungaji huu ili ekzosi isipasuepasue. Aliyeigusa yangu aliuacha, namshukuru. Ukipeleka pikipiki kwa fundi wa programu na unachojali ni mafuta, mwambie mapema asiuguse.

Kabla ya hayo yote, lakini, maliza mambo ya kawaida: upepo wa tairi, cheni, breki inayoshika, plagi, kichujio, vali, na ulinganifu wa vipepeo vya hewa (vifuniko vinavyofungua njia ya hewa kuingia) vya silinda zote mbili. Na pima sensa ya joto la injini. Hiyo ikiharibika na kusema injini ni ya baridi wakati imeshachemka, kompyuta itaongeza mafuta safari nzima kana kwamba ndiyo kwanza umeiwasha. Thamostati iliyokwama wazi huleta ugonjwa uleule. Ni sehemu ndogo tu, na unaweza kukuta ndiyo iliyokuwa ikila mafuta muda wote.

Kaa mbali na vile vidude vidogo vinavyouzwa mtandaoni kwa jina la chipu ya kuongeza nguvu na kupunguza mafuta. Vingi ndani yake kuna rezista tu (kizuizi kidogo cha umeme), inayoungwa kwenye waya wa sensa ya joto la hewa. Kompyuta inaamini hewa ni ya baridi kuliko ilivyo, na kwa kuwa hewa ya baridi ni nzito, inaongeza petroli. Kifaa kinachouzwa kwa kuokoa mafuta kinaongeza mafuta! Na kwa pikipiki yenye sensa nzima ya oksijeni, kompyuta itayaondoa tena ikifika mwendo tulivu. Hakuna faida upande wowote.

Mwendo pia sikuuweka kando. Ukuta wa hewa hukua kwa mraba wa kasi; kutoka kilomita 100 hadi 120 kwa saa, msukumo wa hewa unaongezeka asilimia 44. Ile asilimia 10 niliyoipata kwa waya na kompyuta ya mezani inaweza kupotea yote kwa mkono wa kulia. Mimi bado naitaka, kwa sababu inakuja kwenye kasi yoyote ninayochagua.

Anayeendesha pikipiki isiyoguswa, sensa nzima, ningemwambia aache kiboksi. Mwenye pikipiki kama yangu, sensa imekatwa lakini nafasi yake bado ipo kwenye bomba, aanze kwa kurudisha sensa ya kiwandani na kuona kompyuta inafika wapi. Inaweza kumpa sehemu kubwa ya nilichopata. Kwangu ilishindikana, maana programu ilikuwa imeandikwa isifuate sensa tena. Mwenye pikipiki ya nozeli isiyo na sensa kabisa, aliyebadilisha ekzosi au kichujio, huyo ndiye atakayefaidi zaidi, mradi anunue na sensa pana.

Kilichobaki kwangu ni moto wa plagi, na hapo kiboksi hiki hakifiki. Natafuta fundi mwenye mashine ya kupima nguvu, tairi ikizunguka juu ya rola, anayeweza kuingia ndani ya kompyuta yenyewe, kurudisha ufuatiliaji wa sensa na kusogeza moto kwenye vile vyumba vichache vya mwendo tulivu. Akifanikiwa, kiboksi nitakifungua, na sensa pana nitaiacha palepale ilipo.