Huduma ya chumba cha wagonjwa mahututi: upasuaji hodari, sabuni hakuna

Ami yangu alilazwa siku 31 katika chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali moja hapa Mombasa, ambayo sitaitaja, baada ya kugongwa na bodaboda karibu na Makupa. Usiku uleule alitobolewa fuvu akawekewa mpira mwembamba wa kutoa maji yaliyokuwa yakiukandamiza ubongo. Kwa kazi hiyo sina lawama. Mpira ule ndio uliomwokoa.

Mpira huohuo, hata hivyo, ni mlango wa vijidudu. Siku ya 9 homa ilipanda. Mgonjwa aliyelazwa kwa dawa ya usingizi hawezi kusema kwamba kichwa kinamuuma au shingo imekakamaa, na homa ya chumba kile huweza kutoka mapafuni, kwenye mkojo au kwenye mshipa wa dripu, kwa hivyo nawapongeza madaktari kwa kutongoja: siku hiyohiyo maji ya ubongo yalipelekwa maabara kuoteshwa ili kijidudu kijulikane, na antibiotiki mbili, vankomaisini na meropenemu, zikaanzwa kabla ya majibu. Kilichoota ni Asinetobakta, kijidudu kinachoweza kuishi siku nyingi juu ya vyuma vya vitanda na mashine, na ambacho dawa nyingi zimeshindwa nacho. Ni homa ya uti wa mgongo iliyoingilia kwenye mpira, siyo ile ambayo mahujaji huchanjwa wasiipate. Kolistini, antibiotiki ya kupambana na kijidudu hicho sugu, ikabidi tuitafute wenyewe katika maduka ya dawa mjini.

Sisi jamaa tuliamriwa kuvua viatu na kuvaa kanzu za hospitali (za kijani, zisizofunga nyuma), ilhali chupa ya dawa ya kusafishia mikono kando ya kitanda ilikuwa tupu, sinki la mlangoni halikuwa na sabuni kwa siku mbili, na nilimwona muuguzi akiumwaga mfuko wa maji ya ubongo kwa glavu zilezile alizomgeuzia mgonjwa wa jirani. Usiku alikuwa peke yake kwa wagonjwa wanne. Nilipomweleza sista msimamizi hakubisha. Asubuhi yake chupa zilijazwa vitanda vyote.

Ami amerudi nyumbani Mikindani, sikio la kushoto halisikii. Madaktari nawapa nyota tano, usafi nyota moja. Bili tulitozwa ya siku zote 31, zikiwemo 21 za kutibu ugonjwa alioupatia humo.