Dodoso la hulka la IPIP lenye sentensi 50: tathmini kwa maofisi na maghala ya Mtwara

Kwa timu ya watu 6 hadi 12 inayotaka kujuana vizuri kabla msimu wa korosho haujaanza, dodoso hili tunaliweka mbele ya yale yanayouzwa kwa dola. Halina ada, halihitaji kibali, na majibu yake yanajumlishwa kwa kalamu mezani bila kompyuta. Lakini tafsiri ikiwa mbovu au bosi akizikusanya karatasi, litaharibu kuliko kusaidia, kwa hiyo maneno mengi hapa yatakuwa kuhusu mambo hayo mawili.

Lenyewe ni sentensi 50 fupi kutoka kwenye hazina ya IPIP (International Personality Item Pool), mkusanyo wa sentensi za kupima hulka ulioanzishwa na mwanasaikolojia Mmarekani Lewis Goldberg. Sentensi zote za hazina hiyo ni mali ya umma: unaruhusiwa kuzichapa, kuzitafsiri na kuzitoa kopi. Zinapima mambo matano, kila moja kwa sentensi 10: uchangamfu, kujali watu, umakini wa kazi, utulivu wa moyo na upana wa fikra. Kila sentensi inajibiwa kwa namba, 1 ikiwa si kweli kabisa kukuhusu na 5 ikiwa ni kweli kabisa. Kwa hiyo kila jambo lina alama kati ya 10 na 50.

Wakufunzi wengi huja na MBTI au DISC, madodoso mawili ya hulka yanayouzwa. MBTI ilitengenezwa na Katharine Briggs na bintiye Isabel Myers kwa kufuata mawazo ya Carl Jung, nayo humgawa kila mtu kwenye moja ya aina 16 za herufi nne. Kasoro yake ni huo mgawanyo wenyewe. Watu wengi wako karibu na katikati, kwa hiyo aliyepata herufi moja leo anaweza kuipata nyingine akijaza tena baada ya mwezi mmoja. Wachapishaji wake wenyewe wanasema isitumike kuajiri. DISC inatokana na mawazo ya William Marston ya mwaka 1928, ingawa yeye hakutengeneza dodoso lolote la namna hiyo. Matoleo mengi humlazimisha mtu kuchagua neno linalomfaa zaidi na lisilomfaa ndani ya kundi dogo la maneno. Ukichagua hivyo, alama zako zinashindana zenyewe kwa zenyewe, na kuzilinganisha na za mwenzako ni kulinganisha debe na rula.

Kuna jambo linalowapa wakufunzi hao sifa wasizostahili. Mwaka 1948 Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya hulka, kila mmoja akiambiwa ni yake peke yake. Wote walipewa maandishi yaleyale, na kwa wastani waliyapa alama 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. Kwa hiyo mtu akisoma karatasi yake na kusema "huyu ndiye mimi kabisa", hajathibitisha chochote kuhusu chombo.

Sasa tafsiri. Usiikabidhi programu ya simu. Kosa la kwanza ni kiambishi "hu". "Huacha vitu ovyo" haina nafsi, na msomaji anaweza kuichukua kuwa inasema watu huacha vitu ovyo, kisha akakubali kwa sababu anamfikiria jirani yake ofisini. Andika "Huwa naacha vitu vyangu ovyo". Sentensi ya 22, ya kutojali matatizo ya wengine, ikiandikwa "Sijihusishi na matatizo ya watu" inageuka sifa njema: mtu asiye mmbea. Hapo wenye huruma kabisa watajipa 5 na kupoteza alama, kwa kuwa sentensi hii huhesabiwa kinyume, kama tutakavyoeleza kwenye kujumlisha. Andika "Mtu akiwa na shida, hainigusi". Ya 40 inahusu kutumia msamiati mgumu. Ukiandika "maneno magumu", msomaji ataelewa maneno makali. Ya 34 na ya 39 zina tofauti ndogo sana kwenye Kiingereza, na Kiswahili chepesi huzifanya sentensi moja iliyorudiwa. Mpe mtu "Hali yangu ya moyo inabadilika sana" kwa moja, na "Mara nafurahi, mara nanuna, bila sababu kubwa" kwa nyingine.

Ya 12 ni ya kutukana watu. Hakuna atakayekubali kwa maandishi kwamba anatukana, na mahali penye utani wa makabila neno hilo lina mpaka wake. "Maneno yangu huwaumiza watu" inafanya kazi iliyokusudiwa bila kumgusa mtani. Ya 31, ya kuongea na watu wengi kwenye sherehe, iwe "Kwenye shughuli naongea na watu wa kila namna", kwa kuwa hapa shughuli ni harusi, ngoma na hitima kwa pamoja. Ukimaliza, mpe mtu wa pili azirudishe sentensi zote kwenye Kiingereza bila kuona asili. Zitakazorudi zimepinda ndizo za kurekebisha.

Kujumlisha ndiko kunakokosewa kuliko hatua nyingine yoyote. Sentensi zimepangwa kwa kupokezana: ya 1 ni uchangamfu, ya 2 kujali watu, ya 3 umakini, ya 4 utulivu, ya 5 fikra, kisha mzunguko unaanza upya kwenye ya 6. Baadhi zimeelekezwa kinyume, na jibu lake ligeuzwe kwa kulitoa kwenye 6, yaani 5 inakuwa 1 na 4 inakuwa 2. Za kugeuza ni hizi: uchangamfu 6, 16, 26, 36 na 46, kujali watu 2, 12, 22 na 32, umakini 8, 18, 28 na 38, utulivu 4, 14, 24, 29, 34, 39, 44 na 49, fikra 10, 20 na 30. Karatasi ya alama iwe na kisanduku chenye kivuli kwa kila namba ya kugeuzwa. Bila kivuli hicho, watu husahau, na aliye nadhifu kuliko wote anatoka na umakini wa wastani.

Angalia utulivu wa moyo: sentensi 8 kati ya 10 ni za kugeuza. Mtu mwenye adabu ya kukubali kila kitu, anayeandika 4 kuanzia juu hadi chini, atapata uchangamfu 30, kujali watu 32, umakini 32, fikra 34, na utulivu 24. Ukiisoma karatasi hiyo bila kujua, utasema huyu ni mtu wa wasiwasi, kumbe ni mtu wa heshima tu. Kwa hiyo kabla ya kujumlisha, tazama jozi mbili. Ya 28 inasema unasahau kurudisha vitu mahali pake, ya 33 inasema unapenda mpangilio. Ya 19 inasema ni nadra kuwa mnyonge, ya 49 inasema ni mnyonge mara nyingi. Mtu akijipa 4 au 5 pande zote mbili kwenye jozi zote, karatasi yake isisomwe.

Tabia hiyo ya kukubali haiko kwetu peke yetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, kwa takwimu za nchi 23 zenye kipato cha chini na cha kati, ulionyesha kwamba maswali ya namna hii yakiulizwa uso kwa uso mara nyingi hayapimi yale yanayodaiwa kupimwa. Hivyo usimsomee mtu sentensi akajibu kwa mdomo. Kwa wapakiaji ambao kusoma kunawapa taabu, acha dodoso kabisa na kaa nao mzungumze kuhusu kazi yenyewe.

Siku ya kujaza, anzeni saa mbili na nusu asubuhi, kabla joto halijakaza, na tengeni muda wa saa mbili. Dakika 25 za kujaza, 20 za kujumlisha, zinazobaki zote ni za mazungumzo, na humo ndimo faida ilimo. Kila mtu ajumlishe yake, abaki nayo, aseme anachotaka kusema. Msimamizi ajaze pia, na awe wa kwanza kueleza alama yake ya chini. Akikaa pembeni na daftari, wote watajipa 5 kwenye umakini. Mtu akimwona bosi anaandika, hujibu kama yuko kwenye usaili.

Kisha wapange wawili wawili kwa kufuata makabidhiano ya kazi. Anayemkabidhi mwenzake kitu kila siku ndiye akae naye. Chukua ghala la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, mwezi Oktoba, magari yamejipanga. Karani wa mizani ana umakini 45 na uchangamfu 19. Mtunza ghala ana umakini 29 na uchangamfu 43. Karani anaandika kila gunia, haongei, na foleni ikirefuka anazidi kunyamaza. Mtunza ghala anapiga soga na wakulima, anapokea haraka, na vitabu viwili jioni havilingani. Bila dodoso, mmoja anamwita mwenzake mwizi, wa pili anamwita mwenye kiburi. Kwa alama mezani, swali linakuwa jingine: nani awaeleze wakulima kwa nini foleni imesimama, na vitabu vilinganishwe baada ya magunia mangapi? Jibu zuri ni la namna hii: mtunza ghala ndiye msemaji wa foleni, na kila magunia 20 wote wanasimama, wanalinganisha, wanasaini. Makubaliano kama hayo yasizidi matatu, yaandikwe kwa kalamu nene, yabandikwe karibu na mizani.

Alama ya chini kwenye kujali watu inaogopwa bure. Anayekagua ubora wa korosho anahitaji kumwambia mjomba wake kwamba mzigo una unyevu na urudi juani. Mwenye 46 kwenye kujali watu ataupokea mzigo huo, na hasara itaonekana ghalani. Tofauti ya alama 2 au 3 kati ya watu wawili isisomwe kabisa, ni ndogo mno kwa chombo cha sentensi 10.

Ugomvi mwingine hauna uhusiano na hulka. Korosho hupungua uzito zikikauka ghalani, na upungufu huo wa unyaufu ukikosa kuandikwa, watu wema watashukiana. Mizani isiyohakikiwa na Wakala wa Vipimo itawagombanisha hata mapacha. Mshahara uliochelewa, vilevile. Maliza hayo kwanza, dodoso lifuate.

Kuajiri na kupandisha cheo kwa dodoso hili, hapana. Ni kweli kwamba uchambuzi wa Barrick na Mount wa mwaka 1991 ulionyesha umakini una uhusiano na ufanisi katika makundi yote ya kazi waliyoyachunguza, na wakubwa wengi wanashikilia hapo. Uhusiano huo ni wa wastani, na mwombaji wa kazi anajua fika kwamba "Huwa nakwepa majukumu yangu" ijibiwe 1. Zaidi ya hapo, majibu haya ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mweleze mtu mapema yatatumika kwa nini, mpe nafasi ya kukataa bila kuadhibiwa, na usiyapige picha kuyatupia kwenye kundi la WhatsApp la ofisi.

Upo mfano mfupi wa sentensi 20, Mini-IPIP, wenye sentensi 4 kwa kila jambo. Una kasi, lakini kwa mtu mmoja mmoja unayumba: jibu moja lililokosewa linasogeza alama sana. Tungeuacha, isipokuwa kama timu ina nusu saa tu.

Alama tunayolipatia dodoso hili ni 4 kati ya 5, na iliyopungua ni ya tafsiri, kwa sababu kila ofisi italazimika kuikagua yenyewe. Wakati mzuri ni Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Mnada wa kwanza ukishaanza hakuna atakayekaa saa mbili. Februari, msimu ukiwa umepoa, bandueni karatasi ya makubaliano ukutani na mwulizane lipi lilishikwa na lipi liliachwa. Dodoso lenyewe halina haja ya kujazwa tena.