Rangi ya usuli katika Tkinter: bg au Style?

Vijana wanaoandika programu za mauzo kwa maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, wakitumia Tkinter (maktaba ya Python ya kutengeneza madirisha na vitufe), huniuliza hili kila mara: kitufe kimekataa rangi, nitumie tk, seti ya zamani ya vitufe vya Tkinter, au ttk, seti mpya zaidi?

Kwa wepesi, tk inashinda. Unaandika bg="green" (bg ni rangi ya usuli) na kazi imeisha. Ila kwenye Mac kitufe chake hupuuza rangi hiyo, na programu ikikua utabadilisha rangi kitufe kwa kitufe. Inachosha mno.

ttk, iliyokuja na Tk 8.5 (Tk ndiyo zana iliyo chini ya Tkinter) mwaka 2007, haikubali bg kabisa. Hutoa kosa la TclError. Rangi huwekwa kupitia Style, yaani maelezo ya pamoja ya mwonekano, mara moja, na vitufe vyote hufuata. Hapa ndipo wengi hukwama: kwenye Windows, mandhari ya vista (mtindo wa mwonekano) huachia mfumo wenyewe uchore kitufe, hivyo rangi yako haikijazi. Ita theme_use("clam") kwanza, ili uchague mandhari ya clam. Kisha tumia map, inayopanga rangi kwa kila hali ya kitufe, la sivyo kipanya kikipita juu rangi hubadilika.

Duka moja, dirisha moja, Windows? tk inatosha kabisa. Una wateja kadhaa, kila mmoja na rangi zake? Chukua ttk, hata ikikuudhi siku ya kwanza.