Jibini ya karafuu ya Friesland: uzoefu wa Mpemba

Mimi ni mtoto wa Wete, Pemba, na tangu utotoni nimechuma karafuu, nimezichambua na makonyo yake na kuzianika kwenye majamvi, kiasi cha kudhani kwamba hapana matumizi ya karafuu nisiyoyajua. Ndiyo maana nilistaajabu, nilipokwenda masomoni Leeuwarden, kaskazini mwa Uholanzi, nikasimama mbele ya meza ya muuza jibini katika soko la Ijumaa na kuona vijiti vyeusi ndani ya jibini iliyokatwa, vijiti ambavyo jicho langu lilivitambua kabla ya akili. Wenyewe huiita nagelkaas, yaani jibini ya misumari, kwa kuwa karafuu kavu machoni pao ni msumari mdogo wenye kichwa chake. Huu ni mwaka wa nne ninainunua, ninaila na, zaidi ya yote, ninaigawa, kwa hiyo nadhani ninayo haki ya kusema kama inastahili fedha ya mtu.

Friesland, jimbo ambalo Leeuwarden ndio mji wake mkuu, ni nchi ya ng'ombe na siagi. Wakulima wake wa zamani walikuwa wakiengua malai kwa ajili ya siagi ya kuuza, kisha maziwa yaliyobaki, yenye mafuta machache, wakayagandisha kuwa jibini ngumu, kavu na yenye kudumu muda mrefu, ambayo isingekuwa na mvuto mkubwa lau isingetiwa viungo. Humo huingia karafuu na ile bizari nyembamba ambayo sisi twaiita uzile. Wapemba wenzangu hunibishia kwamba karafuu hizo lazima asili yake ni kwetu, nami hulazimika kuwaambia kwamba kampuni ya biashara ya Waholanzi iliitwaa Ambon, katika visiwa vya karafuu vya Maluku, mwaka 1605, wakati mikarafuu kwetu ilianza kupandwa mwanzoni mwa karne ya 19. Jibu hilo halijapata kumfurahisha mtu yeyote barazani.

Anayenunua kwa mara ya kwanza na aangalie namba iliyoandikwa kwenye lebo. Ukiona 40+, usidhani kwamba asilimia 40 ya jibini yote ni mafuta. Hesabu hiyo ni ya kile kinachobaki maji yakishatolewa, na kwa kuwa jibini ina maji mengi, mafuta halisi ni pungufu sana ya hapo. Ipo pia ya 20+, ambayo ni ya kizamani zaidi, ngumu zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo yenye tabia. Ile ya mafuta mengi ni laini na hupendwa na watoto, lakini karafuu ndani yake hulala usingizi.

Nikiieleza ladha, nianze na harufu, kwa sababu ndiyo inayotangulia. Ukiifungua karatasi, hupati ule ukali wa ghala la karafuu unaochoma pua na kutoa machozi. Unapata harufu ya maziwa kwanza, kisha kwa mbali kitu kama sanduku la nguo za harusi. Mdomoni jibini iliyokaa miezi kadhaa humeguka kabla ya kuyeyuka, chumvi hutangulia, uzile hufuata, na karafuu huja mwisho kabisa, baada ya kumeza, ikakaa kwenye ulimi kwa muda mrefu. Karafuu zenyewe zimo nzima nzima na zimelainika kwa unyevu, hivyo hazivunji jino, ingawa anayeuma moja sawasawa atapata ganzi kidogo ya ufizi, jambo ambalo kwetu si geni kwa yeyote aliyewahi kuumwa na jino usiku.

Suala ambalo Mwislamu hawezi kuliruka ni kile kinachogandisha maziwa. Jibini nyingi za Ulaya hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotolewa katika tumbo la ndama, na nyingine kwa kimeng'enya kinachotokana na vijidudu au kuvu. Mimi huuliza kila mara, bila haya, na yule mama wa sokoni, ambaye siku ya kwanza aligeuza bonge zima lenye umbo la ngoma fupi ili anisomee maandishi ya chini yake, siku hizi hunionyesha mwenyewe ipi ni ya aina ya pili. Hunikatia kipande chembamba kwa kisu chake chenye mpasuo katikati ya ubapa, nionje kwanza, na hajapata kukunja uso nilipoonja tatu nikanunua moja. Bei niliyolipa mara ya mwisho ilikuwa kama euro 14 kwa kilo.

Ile inayouzwa madukani ikiwa imekwisha kukatwa vipande na kufungwa katika plastiki siipendekezi. Niliinunua mara moja katika duka kubwa karibu na nilipokuwa nikiishi, nikahesabu karafuu mbili katika kipande kizima, na plastiki ilikuwa imeifanya itoe jasho na kunata kama sabuni iliyoachwa kwenye maji. Nunua kipande kinene, kiviringishe kwenye karatasi, kiweke sehemu ya chini ya jokofu, na kitoe saa moja kabla ya kula, kwani jibini baridi haina la kusema.

Safari ya kwanza kuipeleka nyumbani niliiharibu mwenyewe. Niliitia katika begi la mkononi, na kati ya bandari ya Malindi, Unguja, na Pemba jua liliifanya ivuje mafuta hadi shati zangu mbili zikanukia pilau. Mara ya pili nilimwomba muuzaji aifunge bila hewa, nikaizungushia kanga za mama, na ilifika Wete ikiwa imara.

Tuliila jioni, barazani, kwa kahawa chungu na tende, na nashauri kila mtu aijaribu hivyo, maana utamu wa tende huituliza chumvi kwa namna ambayo mkate mweusi wa Waholanzi hauwezi. Mtoto wa kaka yangu alitangaza mtaani kwamba ami kaleta chizi, majirani wakaja kumtazama huyo mwendawazimu, na kwa hivyo kilo mbili zilikwisha kabla ya isha. Bibi yangu, ambaye hajapata kuonja jibini maishani mwake, alikula kipande chake taratibu, akaomba kingine, kisha akawa anachokoa karafuu kwa kucha na kuzipanga kwenye ukingo wa kisosi. Alipomaliza alizitazama, tisa zote, akanisogezea kisosi.

"Maziwa yao mazuri, mjukuu wangu," alisema, "lakini hizi karafuu tano hazina vichwa. Nani aliyewauzia?"

Mwaka huu, In Shaa Allah, nitampelekea yule mama wa sokoni kibaba cha karafuu za shambani kwetu.